Saratani ya tezi kibofu: Mwanamume asingoje maumivu ndipo aende hospitalini

Katika baraza za kahawa mtaani Chaani, viungani mwa jiji la Mombasa, wanaume wa makamo huzungumza mengi jua linapotua. Huzungumza siasa, soka, bei ya unga na shughuli za bandarini ambako wengi wao walifanya kazi au bado wanafanya. Lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akisema kwamba usiku uliopita aliamka mara nne kwenda msalani na kila mara mkojo ukatoka kwa shida.

Jambo hilo huchukuliwa kuwa ni uzee tu, au aibu ambayo mtu mzima haifai kuitaja mbele ya wenzake. Mkewe pengine analijua, naye hunyamaza. Matokeo ya ukimya huo ni kwamba wanaume wengi hufika hospitalini wakati saratani imekwisha kuhama kutoka kwenye tezi na kuingia mifupani, ambapo madaktari huweza kuudhibiti ugonjwa lakini si kuuondoa. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na ni vigumu kupata maradhi yanayoitimiza methali hiyo kuliko saratani ya tezi kibofu.

Makala haya yanaeleza tezi yenyewe ni nini, ni nani aliye katika hatari zaidi, jinsi ugonjwa unavyogunduliwa na matibabu yaliyopo.

Tezi kibofu ni nini?

Tezi kibofu, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita tezi dume, ni kiungo kidogo walicho nacho wanaume pekee. Katika kijana, ukubwa wake haupiti sana ule wa popoo. Tezi hii iko chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nao mrija unaopitisha mkojo kutoka kibofuni hupenya katikati yake. Kazi yake kuu ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Kwa sababu ya mahali ilipo, tezi hii ikivimba huubana mrija wa mkojo. Na kwa kuwa inagusana na utumbo, daktari anaweza kuipapasa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mambo haya mawili msomaji ayakumbuke, maana ndiyo yanayoeleza dalili nyingi na pia uchunguzi ambao wanaume wengi huuogopa.

Maradhi matatu, tezi moja

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba kila tatizo la mkojo kwa mzee ni saratani. La pili, lililo hatari zaidi, ni kudhani kwamba asiye na tatizo la mkojo hana saratani.

Tezi hii huweza kupatwa na maradhi matatu. La kwanza ni uvimbe wa kawaida unaotokana na umri. Huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Huwapata takriban nusu ya wanaume waliofikisha umri wa kati ya miaka 50 na 60, na idadi huzidi kadiri umri unavyosonga. Ndio husababisha mara nyingi mkojo kutoka kwa kukatikakatika, kuamka usiku mara kwa mara, na hali ya kuhisi kwamba kibofu hakikuisha mkojo.

La pili ni uambukizo wa tezi, ambao huweza kuwashika hata vijana. Huja na maumivu ya kinena, homa na mkojo unaochoma, na hutibiwa kwa viuavijasumu.

La tatu ndilo saratani yenyewe. Mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na mrija wa mkojo. Ndiyo maana inapoanza haileti dalili yoyote. Mwanamume hula vizuri, hufanya kazi, hulala na mkewe, na huku ugonjwa unakua. Mtu anayesema ataenda kupimwa siku atakapohisi maumivu anangoja ishara ambayo aghalabu huja wakati umekwisha kupita.

Dalili za ugonjwa uliokwisha kuenea ni damu katika mkojo au shahawa, maumivu yasiyoisha ya mgongo, nyonga au mapaja, kupungua uzito na uchovu. Wengi hutumia miezi mingi wakichuliwa mgongo na kununua dawa za maumivu dukani bila kujua chanzo. Mgonjwa ambaye miguu yake inaanza kulegea au kufa ganzi, au anayeshindwa ghafla kuzuia haja, apelekwe hospitalini siku iyo hiyo, kwa sababu huenda uti wa mgongo umebanwa na kuchelewa kunaweza kumlemaza maisha yake yote. Vivyo hivyo kwa mzee ambaye mkojo umeziba kabisa. Huyo huhitaji kutiwa mpira wa mkojo bila kukawia.

Ukubwa wa tatizo

Kulingana na makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, wanaume wapatao milioni 1.47 waligunduliwa kuwa na saratani hii duniani mwaka 2022, na karibu 397,000 walifariki kwa sababu yake. Nchini Kenya, ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanaume. Mwaka 2024, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria kwamba wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 ifikapo mwaka 2040, na kwamba ongezeko kubwa litakuwa katika mataifa yenye kipato cha chini na cha wastani. Sababu moja ni njema: watu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko zamani.

Nani yuko hatarini zaidi?

Hatari ya kwanza ni umri. Saratani hii ni adimu chini ya miaka 40, huanza kuonekana zaidi baada ya 50, na wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa wametimiza miaka 65 au zaidi.

Hatari ya pili ni asili. Wanaume weusi hupata ugonjwa huu kwa wingi zaidi, mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko wengine. Nchini Marekani, ambako takwimu zimewekwa kwa miaka mingi, mwanamume mweusi ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kufa kwa saratani hii akilinganishwa na mzungu. Wataalamu wanasema sehemu ya tofauti hiyo imo katika damu ya urithi, na sehemu nyingine inatokana na kuchelewa kupata huduma.

Hatari ya tatu ni ukoo. Aliye na baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua ana hatari mara mbili au zaidi. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba saratani ya matiti au ya ovari kwa mama, dada au shangazi pia huweza kuwa onyo kwa mwanamume, kwa sababu hitilafu ya chembe ya urithi iitwayo BRCA2 hupita kwa wanawake na wanaume vilevile. Kwa hivyo mwanamume anayejua babu yake alifariki kwa 'ugonjwa wa mkojo' au 'ugonjwa wa mgongo' amwambie daktari, hata kama hakuna cheti kinachotaja saratani.

Unene wa kupita kiasi umehusishwa na saratani iliyo kali zaidi. Kuhusu vyakula, ushahidi bado haujatosha kusema kwamba kitu fulani kikiliwa kitamkinga mtu. Hata vidonge vya vitamini si salama kama vinavyotangazwa: utafiti mkubwa uliohusisha wanaume wapatao 35,000 katika Amerika Kaskazini ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliokuwa wakimeza vitamini E kwa wingi walipata saratani ya tezi kibofu kwa asilimia 17 zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hausababishwi na kurogwa, wala si adhabu kwa mtu aliyekuwa na wake wengi.

Vipimo na ukweli wake

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Herufi hizo ni za jina la protini inayotengenezwa na tezi kibofu na kuingia kidogo katika damu. Tezi ikiwa na hitilafu, kiwango huongezeka. Kwa kawaida nanogramu 4 kwa kila mililita ya damu huchukuliwa kuwa mpaka wa kuanza kutia shaka, ijapokuwa kwa kijana kiwango cha chini ya hapo pia huweza kutia shaka.

Kipimo hiki kina kasoro zake, na ni haki ya mgonjwa kuzijua. PSA hupanda kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, uambukizo, kutiwa mpira wa mkojo, hata kwa kutoa manii au kuendesha baiskeli siku moja au mbili kabla ya kupimwa. Wanaume ambao PSA yao iko kati ya 4 na 10, ni mmoja tu kati ya wanne anayepatikana na saratani. Ikizidi 10, uwezekano hupita nusu. Kwa upande mwingine, dawa ya finasteride ambayo baadhi ya wazee hupewa kwa uvimbe wa kawaida hushusha PSA hadi karibu nusu, hivyo huweza kuficha tatizo. Anayeitumia amwambie daktari kabla ya kupimwa.

Kipimo cha pili ni kidole. Daktari huvaa glavu, akapaka mafuta ya kulainisha na kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Anatafuta ugumu au kinundu. Shughuli yote haichukui hata dakika moja. Hiki ndicho kipimo ambacho wanaume wengi wa Pwani na kwingineko hukikimbia kwa kuona kinawavunjia heshima. Ukweli ni kwamba siku hizi mwanamume anaweza kuanza na kipimo cha damu pekee, akazungumza na daktari kuhusu hicho kingine baadaye. Kuogopa kidole kusimfanye mtu akose damu kupimwa.

Vipimo hivyo viwili havithibitishi saratani. Huonyesha shaka tu. Uthibitisho hupatikana kwa kutoa vinyofu vya tezi kwa sindano nyembamba, huku daktari akiongozwa na mashine ya picha, na kuvipeleka maabara. Palipo na uwezo, picha ya MRI hupigwa kwanza ili sindano ielekezwe mahali penye shaka, au isitumike kabisa iwapo hapana sababu. Maabara hutoa alama ya Gleason, jina la daktari wa Marekani aliyeanzisha utaratibu huo katika miaka ya 1960. Alama 6 humaanisha saratani inayokwenda polepole. Alama 8 hadi 10 humaanisha saratani kali. Mgonjwa aombe alama hiyo iandikwe, aihifadhi.

Je, kila mwanamume apimwe?

Hapa wataalamu hawajaafikiana kikamilifu. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume zaidi ya 160,000 ulionyesha kwamba kupima PSA mara kwa mara hupunguza vifo vya saratani hii. Lakini pia ulionyesha kwamba wengine hugunduliwa kuwa na saratani ndogo ambayo isingewadhuru maishani, wakatibiwa na kubaki na madhara ya tiba bila faida.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kawaida ni mwanamume azungumze na daktari kisha aamue. Shirika la Saratani la Marekani hupendekeza mazungumzo hayo yaanze katika umri wa miaka 50 kwa mtu wa kawaida, 45 kwa wanaume weusi na kwa wenye baba au ndugu aliyeugua akiwa na umri mdogo, na 40 kwa aliye na jamaa wa karibu zaidi ya mmoja waliougua wakiwa na umri mdogo. Mzee ambaye umri au maradhi mengine hayampi matumaini ya kuishi miaka 10 zaidi kwa kawaida hahitaji kupimwa iwapo hana dalili.

Tahadhari hiyo isitumiwe kama kisingizio. Hoja ya kupimwa kupita kiasi ni ya mataifa ambako kila mtu hupimwa. Kwetu tatizo ni kinyume chake.

Matibabu

Saratani iliyo ndani ya tezi inatibika. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu wagonjwa wote waliogunduliwa katika hatua hiyo huwa hai miaka mitano baadaye. Kwa waliogunduliwa saratani ikiwa imeenea mbali, ni takriban thuluthi moja tu.

Njia ya kwanza ni kufuatilia kwa makini. Saratani ndogo yenye alama 6 haihitaji kukatwa mara moja. Mgonjwa hupimwa PSA kila baada ya miezi kadhaa, na vinyofu hurudiwa baadaye. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wanaume 1,643, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba baada ya miaka 15 takriban asilimia 97 hawakufa kwa saratani hiyo, wawe walifuatiliwa, walipasuliwa au walipewa mionzi. Hata hivyo, kufuatilia si kupuuza, na asiyerudi kupimwa huwa ameyaacha matibabu yake.

Njia ya pili ni upasuaji wa kuondoa tezi yote. Madhara yake makuu ni kushindwa kuzuia mkojo, hali ambayo kwa wengi hupungua baada ya miezi, na kupungua kwa nguvu za kiume, tatizo ambalo kwa baadhi husaidiwa na dawa. Upasuaji huu usichanganywe na ule wa uvimbe wa kawaida, ambapo daktari hukwangua sehemu ya ndani pekee. Mzee aliyefanyiwa huo wa pili bado anaweza kupata saratani katika sehemu iliyobaki.

Njia ya tatu ni mionzi, inayoelekezwa kutoka nje au kutoka kwa punje ndogo zinazowekwa ndani ya tezi. Rais wa zamani wa Afrika Kusini, Nelson Mandela, alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 83. Aliishi miaka mingine 12. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997 na akaishi hadi Desemba 2021. Wote wawili waliutangaza ugonjwa wao hadharani, na heshima yao haikupungua.

Njia ya nne ni kuzima homoni ya kiume ambayo huilisha saratani hii. Ugunduzi huo wa mwaka 1941 ulimpatia Charles Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hufanywa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Upasuaji huo hufanyika mara moja na hugharimu kidogo kwa jumla kuliko sindano za miaka mingi, lakini wanaume wengi huukataa. Uamuzi ni wa mgonjwa, ila aufanye akijua kwamba sindano nazo huzima homoni ile ile na huleta joto la mwili la ghafla, kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na mifupa kudhoofika. Saratani iliyoenea hutibiwa pia kwa tibakemikali na vidonge vipya kama vile abiraterone na enzalutamide. Rais wa zamani wa Marekani, Joe Biden, alitangaza Mei 2025 kwamba saratani yake ilikuwa imefika mifupani, jambo linaloonyesha kuwa hata mwenye madaktari bora huweza kuchelewa kuujua ugonjwa huu.

Vipi dawa za miti? Magome ya mti ujulikanao kisayansi kama Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, yameuzwa Ulaya kwa miaka mingi kutengenezea dawa za kupunguza usumbufu wa uvimbe wa kawaida. Kuponya saratani ni jambo jingine, na hakuna uthibitisho kwamba magome hayo, mwarobaini au mti mwingine wowote unaliweza. Hatari yake kubwa ni miezi inayopotea mtu akijaribu.

Mkazi wa Chaani aanzie wapi?

Hospitali ya umma iliyo karibu zaidi ni ile ya Port Reitz, ambako mgonjwa anaweza kuchunguzwa na kupewa barua ya rufaa. Hospitali kuu ya rufaa ya eneo zima ni ile ya Pwani, Coast General, ng'ambo ya Makupa kisiwani, ambayo wenyeji wa zamani bado huiita Makadara. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na budi kusafiri takriban kilomita 480 hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na kungoja foleni huko. Katika miaka ya karibuni huduma za saratani zimeanza kusogezwa karibu na wananchi, hivyo ni vyema kuuliza kinachopatikana Mombasa kabla ya kufunga safari.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF asidhani amehamishwa moja kwa moja. Ahakikishe amejisajili na michango yake imelipwa kabla ya kuugua, kisha aulize kiwango cha matibabu ya saratani kinacholipwa kwa mwaka, maana kina kikomo.

Mgonjwa anapokutana na daktari amuulize haya: Alama yangu ya Gleason ni ngapi? Ugonjwa uko ndani ya tezi au umetoka? Kuna njia gani nyingine kando na hii unayonishauri? Nikingoja miezi mitatu, nitadhurika? Na madhara yake katika ndoa yangu ni yapi? Si vibaya kwenda na mke au mwana wa kiume, kwa kuwa aliyepewa habari nzito huwa hasikii nusu ya maneno yanayofuata. Mwana huyo naye atakuwa amejua jambo litakalomhusu afikishapo umri.

Mficha uchi hazai, husema Waswahili. Mwanamume wa Chaani aliyetimiza miaka 45 ana jambo moja la kufanya mwezi huu: kutolewa damu kidogo, kisha kurudi kuchukua majibu. Na akirudi barazani, awaambie wenzake kwamba amepimwa. Huenda kuna mmoja pale ambaye usiku wa kuamkia leo ameamka mara nne, na alikuwa akingoja mwingine atangulie kusema.